Kutoka Kwihara hadi Ujiji: kuitembelea njia ya misafara

Mgeni wa kawaida hukaa Ujiji dakika 20. Anashuka kwenye bajaji, analipa kiingilio, anaangalia sanamu za Livingstone, mmishonari na mpelelezi, na Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta akamkuta hapo 1871, anapiga picha chini ya mwembe, kisha anarudi Kigoma mjini kula migebuka. Jioni anasema makumbusho yale ni madogo, hayana kitu.

Chumba ni kidogo kweli. Ila watu wale hawakufuata chumba Ujiji. Walifuata njia ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa, iliyotoka Bagamoyo, ikakata bara kwa zaidi ya kilomita 1,200 na kuishia ziwani. Tangu 2006 njia hiyo imo kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO ikiwa na vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Viwili vya mwisho viko huku kwetu magharibi. Sehemu kubwa ya ushahidi wake iko nje ya kuta za makumbusho: kwenye miembe, udongo, milango, chumvi, umbali wa kutoka mnarani hadi majini, na kwenye maneno tunayoyasema kila siku. Haya hapa ni maelezo ya namna ya kuvisoma.

Anzia Tabora, umalizie Ujiji. Wengi hufanya kinyume kwa sababu Kigoma kuna ziwa na sokwe wa Gombe, halafu Tabora wanaipita tu. Lakini Ujiji haieleweki bila Kwihara. Barua, vitambaa, shanga na wapagazi wa kwenda ziwani walipitia Unyanyembe, nchi ya Tabora ambamo Kwihara imo. Mizigo ilipokwama Unyanyembe, au ilipofujwa na waliokabidhiwa kuifikisha, Livingstone alikaa Ujiji mikono mitupu. Ukiwa umeshaiona Kwihara, utaelewa kwa nini kufika kwa msafara mmoja wenye shehena kulikuwa jambo kubwa kiasi kile.

Siku nne zinatosha. Ya kwanza Kwihara na Tabora mjini, ya pili Urambo, ya tatu Uvinza, ya nne Ujiji na Kigoma. Treni ya reli ya kati ina raha yake, na kwa safari hii ni sehemu ya historia yenyewe, ila ukikata tiketi moja kwa moja hadi Kigoma utavipita Urambo na Uvinza bila kushuka. Kwa vituo hivyo viwili, basi la barabara ya Urambo, Kaliua na Uvinza linafaa zaidi. Kati ya Tabora na Kigoma ni zaidi ya kilomita 400, kwa hiyo usijaribu kubana vituo vyote kwenye siku mbili.

Msimu rahisi ni Juni hadi Oktoba. Mvua za Tabora huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili, na njia za udongo huwa tope na utelezi. Hata hivyo kwa anayependa majengo ya udongo, wiki za kwanza za mvua ndizo zinazofundisha zaidi, maana unaona maji yanakopita na yanakotuama. Embe nazo zinakuwa zimeanza kuiva.

Beba kitambulisho, kwa kuwa kiingilio cha raia na cha mgeni wa nje si sawa. Usitegemee noti peke yake: vituo vya serikali hulipisha kwa namba ya malipo, na mtandao ukiyumba utasubiri, kwa hiyo weka salio la kutosha kwenye simu kabla ya kutoka mjini. Chukua tochi ndogo. Kazi yake si kumulika gizani tu. Maandishi yaliyochongwa kwenye bamba au jiwe hayasomeki vizuri jua likiyapiga usoni, lakini ukimulika kutoka ubavuni, mwanga ukiwa umelala, kila herufi inatupa kivuli na hata neno lililofutika nusu linajitokeza. Piga picha hivyohivyo.

Kwihara

Tembe ya Kwihara, nyumba ya udongo walimokaa Stanley na Livingstone, iko kilomita 6 hadi 8 kusini magharibi mwa Tabora mjini. Bodaboda inafika, bajaji pia wakati wa kiangazi. Patana bei ya kwenda, kusubiri na kurudi kabla ya kupanda, maana usafiri wa kurudi haupiti pale kila dakika. Saa mbili asubuhi ni wakati mzuri. Mpe mhifadhi salamu yake kwanza, na ukiweza "Mwangaluka" ya Kinyamwezi itapokelewa vizuri. Saini kitabu cha wageni. Idadi ya majina kwenye kitabu kile ni hoja mojawapo ya kituo kama hiki kinapoombewa fedha za matengenezo.

Kwa maelezo ya kituo, nyumba ilijengwa 1857, mwaka uleule ambao Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza, waliingia Kazeh, ndani ya Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Stanley alifika Kwihara 23 Juni 1871 akitoka Bagamoyo, mwendo wa miezi mitatu. Alitaka kuendelea Ujiji mara moja, akashindwa, kwa sababu Mtemi Mirambo alikuwa vitani na wafanyabiashara wa Kiarabu na njia ya moja kwa moja ilifungwa. Mwezi Agosti Mirambo aliipiga Tabora yenyewe na kuichoma sehemu yake. Stanley akaondoka 20 Septemba, akazunguka kusini. Alirudi hapa pamoja na Livingstone 18 Februari 1872, akaondoka kwenda pwani 14 Machi. Livingstone alibaki akingoja wapagazi ambao Stanley aliahidi kumtumia, na aliondoka na watu hao 25 Agosti 1872. Hakurudi tena akiwa hai.

Jambo zito zaidi lililotokea hapa, kwangu, ni la Oktoba 1873, nalo wageni wengi hawaulizi. Livingstone alifariki 1 Mei mwaka huo kwa Chitambo, Zambia ya leo. Abdullah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright na wenzao waliukausha mwili wake na kuubeba. Walipofika Unyanyembe walimkuta Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, naye akashauri wauzike hapohapo. Walikataa. Wakaendelea hadi pwani, wakafika Bagamoyo Februari 1874, na mazishi yakafanyika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili. Mwombe mhifadhi akueleze habari hiyo, na majina ya Susi na Chuma uyataje wewe mwenyewe. Kituo ambacho wageni wake huuliza habari za mzungu peke yake kitaendelea kueleza habari za mzungu peke yake.

Ndani kuna nakala za barua, ramani na picha. Zisome, kisha uigeukie nyumba yenyewe, kwa kuwa ndiyo kitu cha thamani kuliko vyote vilivyomo. Tembe ni nyumba ya udongo yenye paa bapa. Wanyamwezi na Wagogo walikuwa wakiijenga tangu zamani. Wafanyabiashara wa pwani wakachukua ufundi huo, wakapandisha kuta, wakaongeza baraza na ua wa ndani, wakapachika milango ya kuchonga. Paa la namna hii hujengwa kwa boriti nzito, juu yake fito zilizobanana, juu yake nyasi, kisha tabaka la udongo ulioshindiliwa kwa mteremko mdogo ili maji yasikae.

Huo mteremko ndio siri ya paa bapa, na ndio unaoanza kuharibika. Tabora hupata mvua ya karibu milimita 950 kwa mwaka, na karibu yote huanguka ndani ya miezi sita. Udongo wa juu ukihama kidogo, panatokea shimo. Shimo linashika maji. Maji yanapenya hadi kwenye nyasi. Boriti inaloa na kuanza kuoza. Boriti ikilegea shimo linazidi kina. Mchwa hufuata mti uliolowa. Kwa hiyo ukiwa ndani tazama dari: doa jeusi lenye kingo za kahawia lina maana maji yameshapita, na kijinjia cha udongo mwembamba juu ya boriti ni mchwa.

Kisha inama utazame chini ya ukuta. Matone yanayoruka kutoka ardhini hula udongo kimo cha goti, na ukuta unabaki na kiuno chembamba. Fundi asiyejua nyumba za udongo huwahi kupiga lipu ya saruji hapo. Ni kosa, na limeharibu majengo mengi ya udongo Tanzania. Udongo hunywa maji na kuyatoa, saruji haiyatoi. Unyevu unaopanda kutoka chini hunaswa nyuma ya lipu, chumvi inajikusanya, udongo unalegea, na baada ya misimu kadhaa saruji inabanduka vipande vikubwa pamoja na sehemu ya ukuta. Tiba ni lipu ya udongo uliochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa, au ya chokaa, kurudiwa kila inapochakaa, pamoja na mfereji wa kuyapeleka maji mbali na msingi. Ni kazi ya kila mwaka na haina sherehe ya uzinduzi, ndiyo maana huachwa. Ukiona lipu imetuna, usiigongegonge. Mwambie mhifadhi, mwonyeshe mahali.

Milango nayo ina lugha yake. Nguzo nyembamba ya katikati, inayoziba mahali mbao mbili zinapokutana, inaitwa mfaa. Pembeni kuna miimo, chini kizingiti, juu ubao mpana ambao mara nyingi ndio wenye nakshi nyingi kuliko sehemu zote. Usikubali haraka maelezo kwamba mnyororo uliochongwa kwenye mwimo unathibitisha kuwa nyumba ilikuwa gereza la watumwa. Nakshi ya mnyororo ipo kwenye milango mingi ya pwani, ya nyumba za kila namna. Biashara ya watumwa ilipita hapa, ushahidi wake ni mwingi na mzito, hauhitaji kuongezewa wa kubahatisha.

Na kama utakuta mlango wa zamani wa kuchonga unauzwa uani kwa mtu, Tabora au Ujiji, ujue kwamba Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inazilinda mbao na fremu za milango zilizochongwa kabla ya 1940. Haziruhusiwi kutolewa nje ya nchi bila kibali. Mnunuzi anayekuambia ni fenicha tu anajua anachokifanya.

Mzigo, na maneno uliyonayo mdomoni

Kwihara ni mahali pazuri pa kuzungumzia wapagazi. Kuna kosa linalorudiwa sana, hata na waongozaji wazuri: kwamba kila aliyebeba pembe alikuwa mtumwa aliyefungwa. Watu waliofungwa walipita, wengi, na hilo lisipunguzwe hata kidogo. Lakini wabebaji wakuu wa pembe na shehena walikuwa Wanyamwezi huru, waliofanya upagazi kama kazi ya kulipwa, wakapatana ujira, na wakagoma au kutoroka mapatano yalipovunjwa. Mambo haya mawili yalitembea njia moja kwa wakati mmoja, na mgeni anatakiwa ayaelewe yote mawili.

Mzigo wa kawaida ulikuwa frasila mbili. Frasila ni ratili 35, yaani kilo 16 hivi, kwa hiyo jumla kilo 32. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20. Chukua ndoo moja na nusu na kidogo, hapo umeupata mzigo wa mpagazi. Bado hujaweka mkeka wake, chungu chake na silaha yake.

Malipo yalikuwa kwa kitambaa, shanga na waya. Kitambaa cheupe cha pamba kiliitwa merikani kwa sababu kilitoka Marekani. Shuka ilikuwa kipimo: mikono minne. Shuka mbili zilifanya doti moja. Leo shuka iko kitandani na doti iko kwenye duka la khanga. Posho ilikuwa chakula au kitambaa cha kununulia chakula njiani. Leo ni ya semina. Kirongozi alitangulia na bendera. Hongo ilikuwa ushuru aliolipwa mtemi ili msafara upite nchini kwake kwa amani, ulijadiliwa wazi, na ulipotolewa ngoma ilipigwa kutangaza. Neno limeteremka hadhi tangu hapo. Kwa wanafunzi, somo hili la maneno huingia haraka kuliko tarehe kumi ubaoni.

Tabora mjini na Urambo

Mjini nenda kwa mguu, asubuhi au alasiri, chini ya miembe. Stesheni ya reli ni ya enzi ya Wajerumani. Reli ilifika hapa 1912. Baadaye ikatoka njia ya Mwanza, 1928, na Tabora ikawa njia panda ya nchi. Boma la Wajerumani lipo mikononi mwa jeshi. Usilipige picha, usisimame langoni ukielekeza kidole, litazame ukipita. Kwenye stesheni na bandarini pia omba ruhusa kwanza.

Ukiuziwa sarafu ya "Tabora" kuwa makini. Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamekatiwa njia ya bahari, walitengeneza fedha katika karakana ya reli hapa: heller 5 na 20 za shaba, na rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo, dhahabu yake ikitoka mgodi wa Sekenke. Za shaba bado zinaonekana mikononi mwa watu. Ya dhahabu inayouzwa kwa bei ya chakula cha mchana si ya kweli. Wabelgiji waliiteka Tabora 19 Septemba mwaka huohuo, na kazi ile ikaishia hapo.

Nyerere alisoma Tabora Boys kuanzia 1937, akarudi kufundisha St. Mary's. Januari 1958 TANU ilikutana hapa na kuamua kuingia uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alichagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia, uamuzi ambao wazee bado wanauita wa busara. Kama una siku ya ziada, habari hiyo inastahili kutwa nzima ya peke yake.

Utasikia pia kuhusu Mtemi Isike wa Unyanyembe. Januari 1893 jeshi la Wajerumani lilipovunja boma lake alijilipua kwa baruti yake mwenyewe, asikamatwe. Ukienda maeneo ya ikulu za watemi, usiende bila kuongozana na mtu anayejulikana na ukoo. Makaburi yale ni ya familia zilizo hai, na kuna mahali pa kuvua viatu na mahali pasipopigwa picha. Utaambiwa, sikiliza.

Kabla ya kuondoka nunua matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa. Wengi husema jina la mji limetoka hapo. Kwa basi la saa nyingi ni chakula kizuri, hakimwagiki wala hakiharibiki, na kilikuwa cha wasafiri kabla ya mabasi.

Urambo iko kilomita 90 hivi magharibi. Hapa ndipo nchi ya Mirambo, aliyefariki 2 Desemba 1884, na kaburi lake lipo. Anzia ofisi ya utamaduni ya wilaya upate mtu wa kukupeleka. Ukiacha kaburi hutaona mengi kwa macho, na hilo lisikukatishe tamaa. Simama utazame nchi ilivyo tambarare, bila mlima wala mto mkubwa wa kujikinga, ujiulize mtu alizuiaje njia ya pembe kwa miaka. Jibu ni watu, vijana wa rugaruga wenye bunduki, na maboma ya miti. Mmishonari wa London Missionary Society, daktari Southon, aliishi kwake tangu 1879 hadi alipofariki hapo 1882, kwa ridhaa ya mtemi aliyejua faida ya kuwa na mzungu jirani. Urambo pia ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu za mradi wa karanga wa Waingereza baada ya 1947, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Uliporomoka ndani ya miaka michache.

Uvinza

Mabasi hupita Uvinza kwa haraka na abiria hununua asali na samaki dirishani. Shuka. Karibu na mahali Ruchugi unapokutana na Malagarasi kuna chemchemi za maji ya chumvi, na watu wamekuwa wakiyachemsha kwa muda mrefu kuliko mji wowote wa mkoa huu. Uchimbaji wa kiakiolojia wa 1967 ulionyesha kazi hiyo ilikuwepo tangu karne ya 5 au ya 6. Katika karne ya 19 maelfu ya watu walikuja kila kiangazi kutoka nchi za mbali, wakapiga kambi, wakachemsha, wakalipa sehemu ya chumvi kwa watemi wa Wavinza, kisha wakaondoka kabla ya mvua. Kwa nini kiangazi? Mvua hujaza mito, na mto ukifurika unazamisha chemchemi na kuyafanya maji yake kuwa mepesi. Ungehitaji kuni mara nyingi zaidi kwa kipimo kilekile cha chumvi.

Kuni ndizo zilizokuwa gharama. Utaelewa ukitazama hesabu ya jumla: maji yenye chumvi asilimia 10 yanakupa kilo moja ya chumvi kwa kila kilo tisa za maji ulizozigeuza mvuke. Wajerumani walipojenga kiwanda mapema karne ya 20 walikuwa wanapambana na hesabu hiyohiyo. Eneo la uzalishaji wa sasa ni la kazi na linahitaji ruhusa ya wenye mgodi. Omba siku moja kabla, vaa viatu vilivyofungwa, na usiokote vigae. Kigae kikiwa ardhini kinasema kitu, kikiwa mfukoni mwako hakisemi tena.

Ujiji na Kigoma

Daladala za Kigoma kwenda Ujiji ni nyingi, umbali ni kilomita 8 hivi. Waambie wakushushe kwa Livingstone. Salamu ya Kiha ya asubuhi ni "Mwakeye".

Kuna mambo manne ya kufanya hapa kabla ya picha.

La kwanza ni mwembe. Ule wa 1871 haupo tena. Iliyopo inaelezwa kuwa vipandikizi vyake, na uzito wa maelezo hayo uuone kwa kuitazama miembe mingine ya zamani ya mji, iliyopandwa kwa mistari kando ya njia ya misafara. Miembe haikuwa pambo. Ilikuwa kivuli, chakula na alama ya njia, na ukiifuata kutoka makumbusho kuelekea ziwani unatembea juu ya mwisho wa safari ya Bagamoyo.

La pili ni tarehe. Bamba na vitabu vingi husema 10 Novemba 1871, na hiyo ni tarehe ya Stanley. Daftari la Livingstone linaweka tukio mwishoni mwa Oktoba. Wote wawili walikuwa wameugua na kupoteza hesabu ya siku. Ile salamu maarufu, "Dr. Livingstone, I presume?", nayo imetoka kwa Stanley peke yake, na kurasa za shajara yake za siku hiyo zimechanwa. Mweleze hivyo mwanafunzi: huu ndio ushahidi tulio nao, na una tundu. Mtu wa kwanza kumkimbilia Stanley siku ile, kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, alikuwa Susi.

La tatu ni ziwa. Tembea kutoka mnara wa kumbukumbu ya Livingstone hadi ufukweni ukihesabu hatua. Wakati wa Livingstone maji yalikuwa karibu zaidi na juu zaidi, kwa sababu mlango wa ziwa upande wa Kongo, mto Lukuga, ulikuwa umezibwa na mashapo na mimea. Mnamo 1878 kizuizi kilivunjika na ziwa likashuka kwa karibu mita 10 katika miaka iliyofuata. Bandari ya Ujiji ikabaki mbali na maji na Kigoma, yenye ghuba ya kina, ikapata nafasi yake. Miaka ya karibuni ziwa limepanda tena na kuingia kwenye nyumba za watu, kwa hiyo hatua zako za mwaka huu zinaweza zisifanane na za mwakani. Ziandike pamoja na tarehe.

La nne ni kuuliza wenyeji walikuwa nani. Mji haukuwa wa Livingstone. Mwenye sauti kubwa miaka ile alikuwa Mwinyi Kheri, mfanyabiashara aliyejenga mamlaka yake kwa kuelewana na watemi wa Kiha. Burton na Speke walifika ziwani Februari 1858, na wao wana kumbukumbu yao hapo, ila Waswahili na Waarabu walikuwa wameshafika kabla yao, na Waha walikuwepo kabla ya wote.

Kigoma yenyewe ipitie kwa saa mbili. Stesheni ndiyo mwisho wa reli, karibu kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam. Reli ilifika Februari 1914. Meli ya Liemba ni mwenzake. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa masanduku 5,000 hivi na kuunganishwa hapa. Ilishushwa majini 5 Februari 1915. Tarehe 26 Julai 1916 mafundi wake waliizamisha wenyewe Wabelgiji wakikaribia, lakini kwanza walipaka mitambo grisi nene. Grisi hiyo ndiyo iliyoiokoa: Waingereza waliiibua 1924 na 16 Mei 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la sasa. Jua la Kigoma huzama karibu dakika 40 baada ya la Dar, kwa hiyo saa 12 jioni bado una mwanga mzuri ghubani.

Ukienda na wanafunzi, au ukitaka kurekodi wazee

Darasa la watu 45 lisiingie chumba kimoja kwa pamoja. Gawa makundi matatu ya 15: moja ndani, moja kwenye jengo kwa nje, moja kwenye njia ya miembe, dakika 25 kila mahali, kisha wazunguke. Kinachoharibu ziara nyingi ni kunakili: mwalimu anasema "andikeni", watoto wanaandika bamba zima na hawakuona chochote. Wape maswali yasiyojibiwa na bamba. Ukuta huu una unene wa viganja vingapi? Maji ya mvua yanatokea wapi? Kilo 32 ungezibeba hadi shuleni kwenu kwa saa ngapi? Ndoo ya mfano mtu ainyanyue tu na kuiweka chini, asitembee nayo. Maji ya kunywa lita moja kwa kila mtoto.

Kwa wazee, nenda na mwenyeji, shikamoo kwanza, na usitoe simu kabla hujaomba. Ukiruhusiwa, anza rekodi kwa kutaja tarehe, mahali na kwamba ruhusa imetolewa. Usiulize mwaka. Uliza jambo lilitokea kabla au baada ya njaa gani, vita gani, au reli kufika. Usiulize swali lenye jibu ndani yake, kama "ni kweli watumwa walifungwa hapa?", maana heshima itamfanya akubali. Uliza: "Hapa palikuwa na nini?" Kisha nyamaza. Rekodi za vijijini huharibiwa na upepo na kuku, kwa hiyo kaa upande wa ukuta usiopigwa na upepo, simu iwe hatua moja kutoka kwa msemaji, juu ya kitambaa na siyo juu ya meza. Siku hiyohiyo weka nakala mbili, moja ya kwako na moja kwenye kadi utakayoiacha kwa familia, ikiwa imeandikwa jina la mzee na tarehe kwa kalamu isiyofutika.